Kuvizia na Kuwahi: Uchambuzi wa Pambano Moja la Mezani, Iringa

Ubishi mkali kuliko wote kwenye meza za michezo ya kuigiza ya kifantasia hauhusu uchawi wala mazimwi. Unahusu zamu. Mchezaji amejificha, adui anapita chini yake hana habari, mchezaji anasema "naachia mshale," halafu msimamizi anamwambia asubiri, wote warushe dadu kwanza ijulikane nani anaanza. Dadu inaangukia vibaya, adui anacheza kabla yake, na mchezaji anaona ameibiwa mchana kweupe. Nimekaa kwenye meza ya aina hiyo hapa Iringa nikicheza kuhani wa kikundi, na nataka kukipitia kisa chenyewe hatua kwa hatua, kwa sababu naamini kanuni ilikuwa sahihi na mchezaji naye alikuwa na haki ya kukasirika.

Kwa asiyeufahamu mchezo, nieleze kwa ufupi. Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, umetungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji ana mhusika wake, na msimamizi anaendesha dunia yote iliyobaki: maadui, hali ya hewa, wenye maduka, majoka. Jambo lenye mashaka linaamuliwa na dadu ya pande 20. Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuzipakua, kuzitafsiri na kuzichapa mradi ataje chanzo. Ndizo tunazotumia, tena kwa Kiswahili, na kila nitakachosema hapa kuhusu "kanuni" kinahusu hizo, isipokuwa pale nitakapotaja toleo jipya.

Meza yenyewe

Tulikuwa wachezaji watano na msimamizi, nyumbani kwake Kihesa. Yeye anafundisha hesabu sekondari, na wote tunamwita Mwalimu, hata waliomzidi umri. Ilikuwa Julai, na anayeijua Iringa ya Julai anajua kwa nini madirisha yalifungwa na birika la chai ya tangawizi halikuondoka mezani. Ramani ilikuwa karatasi za miraba zilizochanwa kwenye daftari la hesabu na kuunganishwa kwa gundi ya karatasi, mraba mmoja ukiwa futi 5, yaani mita moja na nusu. Maadui walikuwa vizibo vya soda vilivyolazwa chali. Jitu lao lilikuwa mfuniko wa kopo la kahawa. Sisi tulikuwa kete za ludo, rangi nne, na kwa kuwa ludo ina rangi nne tu, mhusika wa tano alikuwa kifungo cha shati.

Kifungo hicho ndicho mnyatiaji wetu, mhusika wa dada mmoja anayesoma chuo hapa mjini. Mchawi alichezwa na mdogo wake, kijana wa kidato cha nne. Mpiganaji alikuwa wa kaka mmoja fundi wa pikipiki wa Mlandege, mtu mkimya, mkarimu, anayependa mhusika wake avae chuma kuanzia shingoni hadi magotini. Alikuwepo na mwindaji, na mimi kuhani. Wahusika wote walikuwa ngazi ya tatu.

Mwalimu alichora bonde jembamba lenye mawe makubwa pande zote mbili, akatuambia tufikirie mawe ya Gangilonga yakiwa yamesogeleana hadi yabaki mapito ya punda wawili tu. Kwenye njia hiyo ungepita msafara wa mbabe mmoja wa vita: askari sita wa mazimwi, nahodha wao, na jitu lililobeba sanduku la kodi iliyoporwa vijijini. Kazi yetu ilikuwa kulichukua sanduku. Tukajificha juu, kila mmoja na jiwe lake.

Haikuhitaji kuelezwa bonde lile limetoka wapi. Mtu wa Iringa akisikia mawe, njia nyembamba na safu ndefu ya askari, anawaza Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, kiliingia kwenye mtego wa Wahehe wa Mkwawa. Zelewski aliuawa, silaha zake nzito zikiwa bado mgongoni mwa punda, na pambano lilimalizika kwa dakika chache. Mnara wa waliokufa upo hadi leo, karibu na barabara inayotoka Iringa kwenda Morogoro. Nitarudi Lugalo baadaye kidogo, kwa sababu kuna jambo pale linalogusa kanuni hii moja kwa moja.

Dadu za kujificha

Kila mmoja alirusha dadu ya kujificha. Mnyatiaji, dadu ikijumlishwa na nyongeza ya ustadi wake, alipata 22. Mwindaji 16, mchawi 14, mimi 12. Mpiganaji, kwa kuwa deraya ya pete za chuma inapiga kelele, kanuni inamlazimisha arushe dadu mbili na kuchukua ndogo, akapata 9.

Upande wa pili kila kiumbe kina namba ya umakini wa kawaida, yaani jinsi kinavyogundua mambo bila kuyatafuta. Askari wa mazimwi wana 10. Jitu lina 8. Nahodha, ambaye Mwalimu alimtunga mwenyewe, alikuwa na 13.

Hapa ndipo mambo yote yalipoamuliwa, na hakuna hata mmoja mezani aliyetambua wakati huo, kwa sababu Mwalimu aliandika namba kwenye daftari lake na kuendelea. Kanuni inasema hivi: kiumbe kinashtukizwa pambano linapoanza iwapo hakijagundua tishio lolote. Neno la kushika ni "lolote". Askari hawakumwona mnyatiaji, wala mwindaji, wala mchawi, wala mimi. Lakini 9 ya mpiganaji ni ndogo kuliko 10 yao. Walimgundua yeye mmoja, na aliyegundua tishio moja hashtukizwi tena, hata kama wavizia wengine wanne wameshikilia pumzi juu ya kichwa chake. Nahodha naye hakushtukizwa, kwani alitugundua wawili, mpiganaji na mimi. Jitu peke yake, kwa uzito wake wa kichwa, halikugundua kitu.

Kwa hiyo kabla ya mshale wowote, hali halisi ilikuwa hivi: jitu limeshtukizwa, wengine saba hawajashtukizwa, na mnyatiaji bado hajaonekana na mtu. Mambo matatu ya kweli kwa wakati mmoja. Mezani tulikuwa tunaliona la tatu tu.

Ubishi

"Naachia mshale kwa yule wa mbele," dada akasema.

"Haya. Wote turushe kura ya kuwahi."

"Kura ya nini tena, Mwalimu? Hawajaniona. Nina 22!"

"Ndivyo kanuni ilivyo, dada. Turushe tu."

Akarusha. Dadu ikagonga birika, ikarudi, ikasimama kwenye 3. Na wepesi wake wa +3, ikawa 6. Mwalimu akarusha mara moja kwa askari wote sita, kwani kanuni inamruhusu viumbe wa aina moja wapate zamu moja, akapata 17. Nahodha 15, mpiganaji 13, mimi 12, mwindaji 11, jitu 8, mnyatiaji 6, mchawi 4.

"Wanaanza wao."

"Wanaanzaje wakati mshale umeshatoka?" Kalamu aliiweka chini. "Mtu hajui kama nipo, anaanzaje yeye?"

Fundi akajaribu kutuliza: "Jamani, mpeni binti mshale wake mmoja, halafu ndiyo turushe." Mdogo mtu naye akaungana naye. Mwalimu akashikilia kanuni, bila kuifafanua. Chai ikapoa.

Pendekezo la fundi ni la kiungwana, na meza nyingi hulikubali. Mimi nalipinga, na sababu yangu si ukali wa sheria. Ukitoa mshale mmoja wa bure kabla ya kura, umefundisha kikundi kizima kwamba anayewahi kusema ndiye anayewahi kupiga. Kikao kinachofuata kila mtu atakatiza maelezo ya msimamizi kwa kupaza sauti "nampiga!" Wapole wa meza, watu kama fundi mwenyewe, hawatapata zamu ya kwanza maishani mwao. Kura ya kuwahi inamlinda mchezaji mkimya dhidi ya mwenye mdomo mwepesi, na kwa hilo naithamini kuliko kanuni nyingine yoyote ya mapigano.

Kuna hoja nzito zaidi, ambayo dada aliitoa: mshale ulishatoka. Hapana, ulikuwa haujatoka. Alichotangaza ni nia. Katika mchezo huu raundi moja ni sekunde 6, na zamu zote za raundi hiyo zinatokea ndani ya sekunde hizohizo 6, zikipishana kwa punje ya muda. Kutamka nia ndiko kunakoanzisha saa. Kura inajibu swali dogo tu: ndani ya sekunde hizo, nani mkono wake ulifika kwanza? Mnyatiaji anavuta upinde, jasho linamwingia jichoni, au punda anamkatiza adui. Wakati huohuo askari wa mbele anasikia chuma kikigusa jiwe upande wa pili na kupiga kelele. Alipata 3. Mkono wake ulichelewa.

Faida mbili zisizofanana

Sasa nifike kwenye kiini. Mviziaji ana faida mbili, na ubishi wote unazaliwa na kuzichanganya. Ya kwanza ni kutoonekana. Ya pili ni kumkuta adui hajajiandaa. Kanuni inazilipa kwa sarafu tofauti. Asiyeonekana anapopiga, anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Aliyeshtukizwa anapoteza zamu yake ya kwanza: hasogei, hatendi, wala hawezi kujibu pigo mpaka zamu hiyo ipite.

Dada alipoteza faida ya pili, na aliyeipoteza kwa niaba yake ni deraya ya fundi. Lakini ya kwanza hakuipoteza hata kidogo. Askari walicheza kabla yake, ndiyo, ila walicheza bila kujua yupo. Zamu yake ilipofika bado alikuwa nyuma ya jiwe lake, bado hajaonekana, bado ana haki ya dadu mbili.

Na kwa mnyatiaji faida hiyo ndiyo mali yenyewe. Bonasi yake ya kupiga ni +5 na kinga ya askari, yaani namba ya kufikia ili pigo limpate, ni 18, hivyo anahitaji 13 au zaidi kwenye dadu. Kwa dadu moja hiyo ni asilimia 40. Kwa dadu mbili akichukua kubwa, inapanda hadi asilimia 64. Zaidi ya hapo, mnyatiaji wa ngazi ya tatu anayepiga kwa faida anaongeza dadu mbili za pande sita juu ya dhara la kawaida. Askari ana uhai wa pointi 11. Mshale wa kawaida wa upinde mfupi, dadu moja ya pande sita na 3, mwisho wake ni 9. Haumuui, labda dadu isimame kwenye 20 na dhara liongezeke. Mshale wa aliyejificha, dadu tatu na 3, una wastani wa 13 na nusu. Nimepiga hesabu: uwezekano wa kumwangusha askari kwa mshale mmoja wa kuvizia ni kama asilimia 55. Kwa mshale ulioachiwa akiwa anaonekana, peke yake, ni takriban asilimia 2.

Linganisha tofauti hiyo na ile ya kuanza au kuchelewa. Kilichomfanya awe hatari ni kutoonekana. Kuwa wa kwanza kungemfurahisha tu.

Upande wa pili wa mizani, hasara ya kuchelewa ilikuwa kiasi gani? Askari sita kucheza pamoja inasikika vibaya. Lakini mpiganaji alikuwa futi 40 juu yao, kwenye mawe ambako kila futi inamgharimu apandaye futi mbili, na askari anasogea futi 30 kwa zamu. Yaani angepanda 15 tu. Hakuna aliyeweza kumfikia, wakabaki na pinde. Kinga ya mpiganaji ni 16 ya deraya na 2 ya ngao. Jiwe lililomfunika nusu ya mwili linaongeza 2, jumla 20. Kwa bonasi ya +3, askari anahitaji 17, asilimia 20. Wana ile mbinu yao ya kikosi inayoongeza dhara, lakini inafanya kazi pale tu mwenzao anapokuwa bega kwa bega na anayepigwa, na hapakuwa na mwenzao huko juu. Mishale sita, kila mmoja na dhara la wastani wa 5 na nusu, ukijumlisha na uwezekano wa pigo kubwa, inatoa matarajio ya pointi 8 hivi. Fundi alikuwa na 28.

Tulibishana kwa pointi nane.

Kilichotokea baadaye

Mishale sita, mmoja ukampata, pointi 6. Nahodha akarudi nyuma ya jitu, akalitumia kama ukuta, jambo ambalo kanuni inalikubali: kiumbe kilichosimama katikati kinampa aliye nyuma yake kinga ya ziada ya 2. Mpiganaji akashuka nusu ya mteremko. Mimi na mwindaji hatukufanya la kusimulia. Jitu, zamu yake ilipofika, lilisimama tu na sanduku lake begani, limeshtukizwa.

Halafu dada. Alichukua dadu bila kusema kitu, akarusha mbili: 15 na 4. Na +5, ikawa 20, imepita 18. Dhara: 4, 5, 2, na 3 yake. Kumi na nne. Kizibo cha kwanza kikatolewa kwenye karatasi. Kisha akatumia wepesi wa mnyatiaji, unaomruhusu kujificha tena ndani ya zamu hiyohiyo kwa tendo la ziada, akarudi nyuma ya jiwe. Mdogo wake akafuata na uchawi wa usingizi uliokuzwa ngazi moja, dadu saba za pande nane, akapata 35. Uchawi huo unalaza viumbe kwa kuhesabu uhai wao: 11 mara tatu ni 33. Watatu chini, wanakoroma. Katika askari sita, wawili tu walibaki wamesimama kabla raundi ya kwanza haijaisha, na mchawi ndiye aliyekuwa na namba ndogo kuliko wote kwenye orodha ya zamu.

Pambano lilimalizika raundi ya nne, yaani sekunde 24 za dunia ile. Sanduku tulilipata.

Kilichokosekana

Nimesema dada alikuwa na haki ya kukasirika, na sikulisema hilo kwa heshima tu. Mwalimu aliamua sawasawa, lakini aliamua kimya. Mezani tulisikia namba: 17, 6, wanaanza wao. Hatukusikia kilichotokea bondeni. Kama kabla ya kura angesema, "Wakati unavuta upinde, pete za deraya upande wa pili zinagusa jiwe, askari wa mbele anainua kichwa na kutazama kule, si kwako," ubishi usingezaliwa. Dada angeelewa mambo mawili kwa sentensi moja: kwamba kuna kilichowaamsha, na kwamba yeye bado hajaonekana. Angeweza hata kubadilisha nia yake, akasema basi nasubiri wamgeukie mpiganaji.

Msimamizi yeyote atakayesoma hapa, naomba alichukue hili kwa uzito. Namba za kujificha na za umakini ziko kwenye daftari lako, mchezaji hazioni. Anachoona ni dadu yake ya 22 ikishindwa na kitu asichokijua. Mpe sababu kabla ya kumpa hukumu.

Sasa turudi Lugalo. Katika masimulizi yanayojulikana ya siku ile, afisa mmoja wa Kijerumani alimpiga ndege risasi, na Wahehe waliokuwa wamejificha wakaichukua kuwa ndiyo ishara. Wakashuka kabla safu yote haijaingia mtegoni. Waliokuwa ndani ya mtego waliangamia. Kikosi cha nyuma, chini ya Tettenborn, kilipata nafasi ya kujipanga, na ndicho kilichorudi na manusura. Mtego mmoja, asubuhi moja, safu moja, na bado wapo walioshtukizwa na wapo wasioshtukizwa. Kanuni ya mchezo inasema jambo hilohilo kwa lugha yake kavu: mmoja wa kundi anaweza kushtukizwa na wenzake wasishtukizwe. Wachezaji wengi hudhani kuvizia ni taa, inawaka au imezimika. Mtu aliyekulia karibu na Lugalo ana kila sababu ya kujua kwamba si hivyo, na ningependa wasimamizi wa huku watumie historia hiyo wanapoeleza, maana hapa kila mtu anaielewa bila ramani.

Toleo jipya na njia nyingine

Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024, ambazo nazo zina sehemu huria tangu 2025, zimelitazama tatizo hili upya. Aliyeshtukizwa hapotezi tena zamu; anarusha kura ya kuwahi kwa dadu mbili na kuchukua ndogo. Na aliyejificha kikamilifu anarusha mbili na kuchukua kubwa. Nimeipigia hesabu hali ya dada dhidi ya askari, yeye na +3 na wao na +1. Kwa kanuni tuliyotumia, uwezekano wa yeye kuwatangulia waziwazi ulikuwa asilimia 57. Kwa kanuni mpya, akiwa amejificha na wao hawajashtukizwa, ni asilimia 74. Wakiwa wameshtukizwa pia, ni asilimia 88.

Naipenda sehemu ya mwisho ya mabadiliko hayo, siipendi ya kwanza. Kumpa aliyejificha nafasi kubwa ya kuwahi ni haki, na kungemaliza manung'uniko mengi. Lakini kumwachia aliyeshtukizwa zamu yake kamili kunalegeza mtego uliopangwa vizuri. Kikundi kikitumia kikao kizima kupeleleza njia, kuchagua mawe na kuacha punda mbali, halafu adui acheze raundi ya kwanza kama kawaida kwa sababu dadu imemkubali, kazi yote ile imelipwa kidogo mno. Mezani kwetu nilipendekeza tuchanganye: kushtukizwa kubaki kwa kanuni ya zamani, kura ya aliyejificha iwe kwa kanuni mpya. Mwalimu alikubali, na tunaendelea hivyo.

Kuna wanaotumia hesabu ya kikundi, ambapo nusu wakifaulu kujificha wote wamefaulu. Kwa namba zetu, wanne kati ya watano tulipita 10, na askari wote wangeshtukizwa. Kwa kikundi kinachotembea pamoja usiku naiona inafaa, kwa sababu mwepesi anaweza kumshika mkono mzito na kumwonyesha pa kukanyaga. Kwa watu waliotawanyika, kila mmoja na jiwe lake, haifai. Nani atamsaidia fundi kunyamazisha pete zake kutoka ng'ambo ya bonde? Pia inafuta gharama ya deraya, na deraya bila gharama inafanya kila mtu avae deraya.

Fundi alilipokea vizuri kuliko wote. Swali lake la kwanza lilikuwa kama angeweza kujificha bila deraya kisha aivae pambano likianza. Kanuni inataka dakika 10 kuvaa vazi zito la aina ile, na dakika 10 ni raundi 100. Vita vyetu vilichukua nne. Bila deraya, kinga yake inashuka kwa pointi kadhaa, na mishale sita ile ingekuwa habari nyingine kabisa.

Tulichokubaliana ni kumweka nje ya mtego. Mara nyingine atakaa nyuma ya kona ya njia, futi 60 kutoka msafara unakopita, umbali ambao Mwalimu ameridhika kwamba mlio wa deraya haufiki. Pambano likianza atakimbia: futi 30 za mwendo na 30 za tendo la kukimbia, afike zamu ya kwanza na kuziba njia. Fundi aliona kwamba hapo hatapiga raundi ya kwanza. Mwalimu akamkumbusha kwamba aliyesimama karibu na adui ana haki ya kumpiga anayejaribu kumkimbia, mara moja kwa raundi, na kwenye bonde la upana wa punda wawili askari wanaotoroka mishale hawana njia nyingine ila mbele yake. Fundi akachukua kete yake nyekundu, akaisogeza mpaka kwenye kona ya karatasi, akauliza kama anaweza kushika rungu badala ya upanga.